Chuma au Hogo: Nani Huamua Mfupa Ugangwe Vipi

Wodi ya mifupa ya wanaume utaitambua hata kabla hujasoma kibao cha mlangoni. Vitanda vimefungwa vyuma vya kusimama, kamba imepita juu ya roda, na kwenye ncha yake unaning'inia uzito: mfuko wa mchanga, jiwe la mizani, au dumu la maji lililojazwa kwa kipimo. Chini ya kamba kama hiyo mdogo wangu alilala wiki saba. Alikuwa anaendesha bodaboda, akagongwa na gari dogo, mfupa wa paja ukakatika katikati. Siku ya tatu daktari alipita na wanafunzi wake, akasema mambo mawili harakaharaka: huyu anafaa kuwekewa chuma, na chuma kwa sasa hakipo stoo, ndugu watakinunua. Kisha akahamia kitanda cha pili.

Jioni tulikaa kikao chini ya mwembe wa hospitali: baba mdogo, shangazi, shemeji na mimi. Baba mdogo alitaka kujua bei, na alipoisikia akasema mifupa ilikuwa ikiunga tangu enzi za mababu bila misumari. Shangazi aliogopa kwamba wakishampasua watamkata mguu. Shemeji alinyamaza. Mimi niliyesoma kidogo nilitazamwa kama mjuaji, nami sikujua lolote. Aliyevunjika alikuwa ndani, na hakuna aliyerudi kumuuliza anataka nini. Tukachagua kamba. Mguu uliunga, lakini ukawa mfupi kuliko mwenzake kwa sentimeta tatu hivi, na pikipiki ya mkataba ilikuwa imekwisha kurudishwa kwa mwenyewe siku nyingi kabla hajasimama kwa magongo.

Tangu hapo nimekuwa nikilifuatilia swali hili kwa madaktari, kwa wauguzi wa wodi hizo na kwa waliovunjika wenyewe. Nilichokielewa nakisema mapema ili msomaji anipime nacho: si kila jeraha lina njia mbili, lakini mengi yanazo, na pale penye njia mbili ndipo mgonjwa anapoulizwa kidogo kuliko mahali pengine popote. Huombwa sahihi. Kauli yake haiombwi.

Tuanze na lugha yetu, maana imelibeba jambo hili siku nyingi. Kuganga, kabla ya kuwa kutibu kwa jumla, ni kufunga na kuunganisha kilichovunjika. Gango ni kile kinachoshika vipande viwili pamoja, na mganga ametoka humohumo. Banzi nalo ni kijiti kinachofungwa kwenye mkono au mguu uliovunjika. Waliotuachia maneno hayo walijua kwamba mfupa hujiunga wenyewe, na kazi ya mtaalamu ni kuushika mahali pake mpaka umalize kazi yake. Mpaka leo ni hivyo. Daktari bingwa haungi mfupa, na chuma cha pua hakiungi mfupa. Hogo, kamba yenye uzito, bamba lenye skrubu, msumari unaopita ndani ya uboho, vyote ni banzi. Tofauti ni moja tu: banzi liko nje ya ngozi au liko ndani. Nimeona watu wengi wakitulia wakielezwa hivyo, kwa sababu maneno "upasuaji" na "bila upasuaji" yanafanya ionekane kama moja ni tiba na jingine ni kuachwa.

Banzi la ndani lina historia fupi. Kwa karne nyingi kupumzisha kiungo ndiyo ilikuwa njia, na aliyeipa njia hiyo heshima ya kitabibu alikuwa Hugh Owen Thomas, daktari wa Liverpool aliyezaliwa katika ukoo wa waunga mifupa wa kienyeji wa Wales. Banzi lenye jina lake lilitumika sana kwa majeruhi wa mapaja katika Vita Kuu ya Kwanza, na hadi sasa lipo katika stoo za hospitali zetu. Kisha mwaka 1939, mjini Kiel, Ujerumani, Gerhard Küntscher alipitisha msumari mrefu ndani ya mfupa wa paja la mgonjwa. Wanajeshi wa Marekani waliotekwa vitani na kutibiwa na Wajerumani waliporudi kwao, madaktari wao walipiga eksirei wakakuta fimbo ya chuma imesimama ndani ya mfupa, na mwenye mguu anatembea. Ilichukua miaka mingi njia hiyo kukubalika kila mahali, na miaka mingi zaidi kufika kwetu, kwa kuwa ilihitaji mashine ya kupiga picha ndani ya chumba cha upasuaji ili daktari aone tundu la skrubu liko wapi. Mwaka 1999 Lewis Zirkle, aliyewahi kuwa daktari wa jeshi Vietnam, alianzisha huko Richland, jimbo la Washington, shirika la SIGN, linalotengeneza msumari unaoweza kuwekwa bila mashine hiyo na kuzipa hospitali za nchi zenye kipato kidogo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni miongoni mwa zilizoutumia. Kwa hiyo mtu akikwambia kuweka chuma ni mambo ya Ulaya, hajapita Muhimbili.

Sasa swali lenyewe. Yapo majeraha ambayo anayebembeleza kukwepa kisu anajidhuru, na aliyeona asiseme kwa kuzunguka. Mfupa uliotoboa ngozi, au uliovunjika penye kidonda, unatakiwa kuoshwa katika chumba cha upasuaji na mgonjwa kupewa dawa za kuua bakteria mapema iwezekanavyo. Hapo hakuna hogo linalotosha, na kuchelewa ndiko kunakoleta usaha wa mfupa unaomtesa mtu miaka. Bibi au babu aliyevunjika nyonga anahitaji kupasuliwa kama moyo na mapafu vinaruhusu, kwa sababu kitanda humuua polepole: nimonia, vidonda vya mgongoni, damu kuganda miguuni. Mfupa uliovunjika hadi ndani ya kiungo na uso wake ukatengana, kama kwenye goti au kifundo cha mguu, ukiachwa hivyo hivyo utasagika maisha yote. Na paja la mtu mzima, kama lile la mdogo wangu, limo katika kundi hili popote penye msumari na mikono inayojua. Kamba huunga paja, sikatai. Lakini huunga kwa wiki nyingi za kulala chali, na mara nyingi huacha mguu mfupi au uliopinda.

Yapo pia majeraha ambayo kisu ni ziada. Mtoto wa miaka minne akivunjika paja hufungwa hogo la kiunoni hadi mguuni, na mfupa wake, kwa kuwa unakua, hujinyoosha wenyewe kwa namna ambayo mtu mzima hawezi kuiota. Mtulinga uliovunjika bila vipande kupishana sana hukaa kwenye tanga la kitambaa shingoni ukapona. Nyufa ambazo hazijahama mahali pake hazihitaji zaidi ya kushikwa. Hapa kosa linaelekea upande wa pili: mzazi mwenye uwezo anaona daktari aliyempa mwanawe hogo amemdharau, anampeleka hospitali nyingine hadi apate wa kumpasua.

Kati ya makundi hayo mawili kuna uwanja mpana, na humo ndimo mgonjwa anapopaswa kuwa na sauti. Nitautembea kwa mifano mitatu.

Wa kwanza ni mfupa wa mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Augusto Sarmiento, daktari aliyezaliwa Colombia na kufanya kazi Marekani, alionyesha mwaka 1977 kwamba mfupa huu unaweza kuunga ndani ya kikoba kigumu kinachofungwa mkono huku mwenyewe akiendelea kusogeza kiwiko. Watafiti wa Finland wakaja kupima jambo hilo kwa kura: wagonjwa 82, wengine wapasuliwe, wengine wafungwe kikoba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yanautumia mkono karibu sawa. Wengi husimulia mpaka hapo. Lakini kati ya waliofungwa kikoba, takriban watatu katika kila kumi waliishia kupasuliwa baadaye kwa sababu mfupa uligoma kuunga au hali haikuridhisha. Basi ukweli wenye pande zote mbili ni huu: ukianza na kikoba una nafasi saba kati ya kumi ya kukwepa kisu kabisa, na nafasi tatu za kupoteza miezi kisha kupasuliwa. Fundi seremala anayekula kwa mkono wake na mwalimu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi hawawezi kuzipima nafasi hizo kwa mizani moja. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi wakichagua tofauti.

Wa pili ni kano ya kisigino, ile nene inayoshikilia misuli ya nyuma ya mguu. Hukatika ghafla mtu anapokimbia, na wengi hugeuka nyuma wakidhani wamepigwa jiwe. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Norway, wagonjwa zaidi ya 500 waliogawanywa kwa kura katika makundi matatu: wa kufungwa bila kupasuliwa, wa kushonwa kwa kupasuliwa wazi, na wa kushonwa kupitia tundu dogo. Mwaka mmoja baadaye nguvu na matumizi ya mguu havikutofautiana kwa maana. Kano ilikatika tena kwa watu sita hivi kati ya mia wasiopasuliwa, na kwa chini ya mmoja kati ya mia waliopasuliwa. Lakini mishipa ya fahamu iliguswa kwa watu watano hivi kati ya mia walioshonwa kwa tundu dogo, karibu watatu kati ya mia waliopasuliwa wazi, na chini ya mmoja kati ya mia wasiopasuliwa.

Takwimu hizo hubadilika sura kwa kinywa kinachozitamka. Ukiambiwa "bila upasuaji hatari ya kukatika tena ni mara kumi," utakimbilia kisu. Ukiambiwa "watu tisini na nne kati ya mia hawakukatika tena hata bila kupasuliwa," utaomba buti la kufunga. Ni utafiti uleule. Ndiyo maana nasema mgonjwa aambiwe kwa watu mia moja, pande zote mbili, na aambiwe kilichompata aliyeshindwa kila upande. Daktari anayechagua sentensi amekwisha kumchagulia mgonjwa tiba.

Wa tatu ni goti la mchezaji, ligamenti ya msalaba ya mbele inayochanika mguu ukigeuka huku kiatu kimeshika nyasi. Katika vilabu vyetu mazungumzo ni ya nauli ya kwenda kupasuliwa nje. Wasweden walichukua vijana 121 wenye kupenda michezo, wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakapewa mazoezi ya tiba kwanza wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye wakitaka. Baada ya miaka mitano, nusu ya kundi la mazoezi hawakuwa wamepasuliwa, na magoti ya makundi mawili hayakutofautiana kwa wastani. Mshambuliaji wa kulipwa mwenye goti linaloteguka kila akigeuka ana sababu ya kwenda mezani. Kijana wa mechi za Jumapili ana sababu ya kumtafuta kwanza mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na hapo ndipo penye tatizo letu: wataalamu hao ni wachache, na wengi wamekaa mijini. Tiba bila upasuaji si kutofanya kitu. Ni kazi ya miezi, na bila mtu wa kuisimamia inageuka kuwa kuchechemea tu.

Kwa wazee nitasema machache. Uingereza ilifuatilia watu 250 waliovunjika sehemu ya juu ya mfupa wa mkono karibu na bega, na matokeo ya mwaka 2015 hayakuonyesha faida ya kisu kwa miaka miwili. Kifundo cha mkono wa mama mwenye miaka sabini kikiunga kimepinda kidogo, mara nyingi bado atasonga ugali na kusuka ukili. Uzuri wa picha ya eksirei sio uzuri wa mkono. Naona picha ndiyo inayotushawishi kuliko kitu chochote: mtu akionyeshwa mfupa wake umepishana kwenye kioo chenye taa, hawezi tena kusikia habari nyingine.

Hayo yote yanachukulia kwamba mtu anachagua tiba. Kwetu wengi wanachagua bei. Mwenye bima anayefika hospitali binafsi na mtulinga uliovunjika anaweza kujikuta mezani kesho yake, ilhali mfupa wake ungekubali kitambaa. Asiye na bima anayefika hospitali ya umma na paja lililokatika anaweza kulala chini ya kamba, ilhali mfupa wake unalilia chuma. Huyu kapewa zaidi ya alichohitaji, yule kapewa pungufu, na katika fomu zote mbili imeandikwa kwamba mgonjwa ameridhia. Hilo linaniuma kuliko jingine lolote katika habari hii. Tanzania ilipata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ikahamia mfumo mpya wa bima wa SHA Oktoba 2024. Mimi nitaipima mifumo hiyo kwa kitu kimoja: je, msumari wa paja upo stoo siku ya pili baada ya ajali, bila kikao cha chini ya mwembe?

Na hesabu ya bei yenyewe tunaifanya nusu. Sisi tulilinganisha gharama ya chuma na gharama ya kamba, tukaona kamba ni karibu na bure. Hatukuhesabu wiki saba za chakula cha kupeleka wodini, nauli ya shemeji kila siku, genge lake lililofungwa, wala miezi ambayo bodaboda haikuingiza senti. Nilipokaa baadaye na karatasi nikajumlisha, kamba ilikuwa imetugharimu zaidi ya chuma. Laiti mtu mmoja angetusaidia kufanya hesabu hiyo siku ya tatu. Ofisi ya ustawi wa jamii, inayoshughulikia msamaha na malipo ya awamu, ilikuwa hatua chache kutoka mwembe ule, na hakuna aliyetuonyesha mlango.

Kuhusu woga, sikubali kuucheka. Shangazi hakuwa mjinga. Alishaona mtu akiingia hospitali na mguu mzima na kutoka bila mguu. Ambacho hakuona ni kwamba mguu ule ulikuwa umefungwa kwanza kwa mtaalamu wa kienyeji, mabanzi yamekazwa mpaka damu haipiti, ukafika hospitali umekwisha kuwa mweusi. Waunga mifupa wa vijijini wanaheshimika kwa sababu wapo karibu, wanalipwa kidogo kidogo, wanaongea na mgonjwa kwa lugha yake na hawamwachi nusu ya sentensi. Mfupa uliopasuka bila kuhama, mikononi mwao hupona, kama ambavyo ungepona kwa yeyote atakayeushika vizuri. Hatari yao ni kukaza na kukanda. Mtu aliyefungwa, na yeyote na popote, maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikivimba, vikifa ganzi au vikiwa baridi, afunguliwe usiku uleule na kupelekwa hospitali. Saa chache ndizo zinazoamua kiungo kinabaki au kinaondoka.

Kisu nacho kina madeni yake, na yasifichwe. Usaha unaweza kuingia penye chuma. Kwa mfupa uliovunjika bila kidonda ni jambo la wachache, kwa uliotoboa ngozi huongezeka mara kadhaa. Kuna nusu kaputi au ganzi ya mgongo. Kuna chuma kukatika kama mfupa hautaunga. Hata ukishaingia upande wa upasuaji bado kuna uamuzi: MOI wenyewe walilinganisha msumari wa ndani na fremu ya vyuma vya nje kwa muundi uliovunjika penye kidonda, wakachapisha mwaka 2020 kwamba kwa mwaka mmoja matatizo makubwa hayakutofautiana sana, ingawa waliowekewa msumari mguu wao ulikaa umenyooka zaidi na wiki za mwanzo walijisikia nafuu. Utafiti wa hapa kwetu kama huo una uzito kwangu, kwa sababu uliwahusu watu wanaolala katika wodi zetu.

Basi mgonjwa afanyeje akisimamiwa na daktari mwenye foleni nje? Aulize, na daktari mwema hatachukia. Dokta, nisipopasuliwa itakuwaje kwa mfupa huu, na kwa watu kama mimi wangapi huishia hivyo? Nikipasuliwa nitarudi kazini lini, na nisipopasuliwa lini? Nikianza na hogo likashindwa, mlango wa upasuaji utakuwa bado wazi? Kazi yake ataje yeye mwenyewe bila kungoja kuulizwa: nabeba zege, nafuma, nina mtoto mchanga wa kubeba, nasali kwa kupiga magoti. Daktari anaujua mfupa. Maisha utakamotumika anayajua mwenye mfupa. Na ndugu wakikaa kikao, wakae kando ya kitanda.

Ukifungwa hogo leo, usikubali tarehe ya wiki sita bila picha katikati. Omba eksirei nyingine wiki ya kwanza na ya pili, maana uvimbe ukipungua hogo hulegea na mfupa huweza kuhama ndani yake bila wewe kuhisi. Ikionekana umehama katika siku hizo, kuunyoosha bado ni rahisi, kwa mkono au kwa chuma. Baada ya wiki ya tatu mfupa wa mtu mzima huwa umeanza kujishika ulipo, na kuurekebisha mara nyingi ni lazima uvunjwe upya.